Jengo Lisilo na Chini

Kabla hatujaona chochote, tulisikia kikohozi.

Kilikuwa kikohozi kizito cha kukwaruza, kama cha zimwi lililomeza kokoto, nacho kilipita juu ya mabati yetu hata kuku wakakimbilia uvunguni. Sisi hatukushtuka. Katika nchi yetu hii, ambayo jina lake silitaji kwa sababu limepelekwa kwenye zabuni na mshindi bado hajatangazwa, serikali hukohoa kwanza kila inapotaka kusema na wananchi. Baada ya kikohozi ikaja "Alo, alo, mnanisikia?" Hakuna aliyejibu, na sauti ikaridhika. Ndipo gari la matangazo lilipojitokeza kwenye kona ya Mtaa wa Sufi, limefungwa vipaza sauti kila upande kama ng'ombe mwenye pembe nyingi.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu haimhamishi mtu! Narudia, haimhamishi mtu! Inawaomba tu mtupishe kidogo, jengo lipite!"

Tulipiga makofi. Watu wa mitaa mingine walikuwa wakihamishwa, wengine wakitimuliwa, na wengine wakiamka wanakuta tingatinga limeshafika sebuleni. Sisi tuliombwa kwa adabu. Na kupisha ni ustaarabu tuliofunzwa tangu utotoni. Mtu akija na mzigo kichwani, unajibana ukutani, anapita, unarudi ulipokuwa umesimama.

Aliyetaka ufafanuzi ni mmoja tu, Bi Sikudhani, mjane aliyekuwa akishona magodoro ya sufi chini ya msufi wake mwenyewe. Alitoka na sindano yake ndefu mkononi, nyuzi nyeupe za sufi zimemganda kwenye nyusi, akasimama mbele ya gari.

"Mwanangu, kidogo ndiyo kiasi gani?"

Mtu wa ndani ya gari alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akanong'onezana na dereva, kisha akafunua. "Kidogo cha kawaida, mama."

"Na jengo likishapita, narudi?"

"Likishapita, mama, nani wa kukuzuia?"

"Hewala. Ila nikuambie kabisa, vitovu vya wanangu vimezikwa hapa penye msufi. Hivyo siwezi kubeba. Naviacha vinishikie nafasi."

Watu wa garini walicheka, lakini sisi tulimwelewa. Ni kama mtu anavyoacha ndoo yake kwenye foleni ya maji akaenda kumwangalia mtoto. Bi Sikudhani alikuwa na wana watatu. Mmoja yuko ughaibuni na haandiki. Mmoja yuko jela kwa kosa la kuuliza swali kwenye kipindi cha maswali. Mmoja yuko makaburini. Mahali pekee ambapo wote watatu walikuwa bado wanakutana na mama yao ni pale chini ya msufi, shimo dogo kando ya shimo dogo.

Basi akavuka barabara na magunia yake ya sufi, akakaa kwenye kibaraza cha duka la misumari, akatazamana na mahali pake. Sisi wengine tulipisha vizuri zaidi. Tulipisha hadi tukapitiliza, wengine hadi mapango ya machimbo ya kokoto, wengine hadi kwa mashemeji wasiotupenda.

*

Katika Wizara ya Majengo Yanayoonekana, msanifu kijana aitwaye Gwandumi alitandaza michoro yake mezani. Waziri, Mheshimiwa Fumbuka, aliizunguka meza akiwa amefumbata mikono mgongoni. Katibu Mkuu wake, Dokta Kihwelo, alizunguka nyuma yake, mikono mgongoni vilevile, akisimama kila aliposimama.

"Safi," alisema Waziri. "Safi sana. Na huku mwishoni ni nini?"

"Ghorofa ya chini, mheshimiwa."

Dokta Kihwelo alivuta pumzi kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Ya nani?" aliuliza Waziri.

"Ya chini, mheshimiwa. Ndiyo ya kuingilia."

"Kijana, nimekuuliza ni ya nani. Watu wa chini wana chini yao nchi nzima. Wana mabonde, wana mitaro, wana madaraja wanalala chini yake bure kabisa. Hapa tunajenga makazi ya watu wa juu. Mimi nimetumia umri wangu wote kutoka chini, na nilitoka kwa meno. Leo unanichorea nyingine mlangoni kwangu?"

"Lakini jengo lazima lianze mahali, mheshimiwa."

"Lianzie juu."

"Hoja nzito," alisema Dokta Kihwelo.

Gwandumi akachukua kifutio, akafuta ghorofa ya chini, akabakiza nguzo tupu. Waziri akainama zaidi.

"Na hiki kilichoko chini ya hiyo chini?"

"Msingi, mheshimiwa."

"Yaani chini kuliko chini!"

"Haya sasa ni matusi," alisema Dokta Kihwelo.

Hapo ndipo Gwandumi, jasho likimtoka kwenye kola, aliposema jambo la maana kuliko yote aliyowahi kusema maishani mwake. Alilisema kwa adabu, macho yakiwa sakafuni, sauti imebanwa kooni kama inavyotakiwa mbele ya mkubwa.

"Mheshimiwa, tukiondoa msingi jengo litazama."

Waziri alinyanyuka, uso umemchanua.

"Umemeza silabi, kijana, lakini nimekuelewa. Litatazama! Mnaona? Huyu ndiye mtaalamu. Jengo la kifahari ni lazima litazame. Na litatazama wapi, baharini au milimani?"

"Hapana, mheshimiwa, nilisema lita..."

"Kotekote," alisema Dokta Kihwelo. "Mtaalamu anasema litatazama kotekote."

Gwandumi alifungua mdomo. Alikuwa na mke mjamzito, na nyumba ya serikali, na kiti cha ofisini kinachozunguka. Akaufunga. Siku ya pili mabango yalijaa mji mzima, yameandikwa kwa herufi za dhahabu: BILA MSINGI, BILA CHINI: JENGO LITATAZAMA.

*

Ujenzi ulikwenda kwa kasi, maana hakuna kilichochimbwa. Nguzo zilisimamishwa juu ya udongo kama miguu ya kigoda, na juu yake zikapandishwa ghorofa. Ya kwanza iliitwa Juu. Iliyofuata iliitwa Juu Zaidi. Zikaja Juu Hasa, Juu Kabisa, na Juu ya Hapo, na ile ya kileleni, aliyojiwekea Waziri mwenyewe, ikaitwa Usiulize. Wakazi wangeingia kwa magari kupitia daraja lililotoka barabara ya jirani moja kwa moja hadi Juu, wasikanyage ardhi. Ngazi ziliwekwa pia, kwa sababu sheria inataka ngazi, ila hazikuanzia popote. Ziliishia tu.

Msufi ulikatwa ili kupisha miti. Miti ililetwa kwa ndege, mifupi, imenyolewa mviringo, kila mmoja ndani ya chungu chake, na askari wa kuilinda.

Bi Sikudhani aliona kisiki chake kikibaki katikati ya nguzo, akashukuru kwamba angalau hawakukichimba. Walikuwa na haraka, na isitoshe kuchimba ni kujishughulisha na chini. Kila alipowaona mafundi wakivuka kuja kununua misumari, aliwauliza.

"Vipi, limeshapita?"

"Bado, bibi. Linapita."

"Jengo gani hili linapita polepole hivi? Lina mzigo?"

"Lina marumaru, bibi."

"Haya. Mwenye mzigo haharakishwi."

Mafundi walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kununua misumari duka jingine.

*

Siku ya uzinduzi tuliletwa kwa malori tuje kufurahi. Bendi ilipiga. Mshairi wa Taifa, aliyevaa kanzu mpya yenye alama ya kiwanda bado imening'inia, alipanda jukwaani akaghani:

*Jengo letu la fahari, limekaa mawinguni,*
*Halina hata habari, kama kuna watu chini.*

Wakubwa walishangilia hadi wakasimama. Mshairi akapewa nishani papo hapo, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyesikiliza maneno. Sisi tuliosikiliza tulikuwa nyuma ya kamba.

Kisha Mheshimiwa Fumbuka akashika kipaza sauti, akakohoa.

"Ndugu zangu! Walisema haliwezekani. Walisema litaanguka. Leo wakaguzi wa wizara yangu wamelikagua jengo lililojengwa na wizara yangu, na kwa ujasiri mkubwa wamethibitisha. Nasimama mbele yenu kutangaza rasmi kwamba jengo limepita!"

Ng'ambo ya barabara, Bi Sikudhani aliinua kichwa.

"Umesikia?" alimwambia mwenye duka la misumari. "Limepita. Amesema mwenyewe, tena kwa kipaza sauti."

Akakunja mkeka. Akajitwika godoro lake. Akavuka barabara mbele ya bendi, mbele ya jukwaa, mbele ya askari wa miti, kwa mwendo wa mtu anayerudi kwake, akaingia kati ya nguzo, akatandika godoro kando ya kisiki. Kisha akapapasa udongo kwa kiganja mara tatu, kama mama anayehesabu vichwa vya watoto gizani.

Hakuna aliyemzuia. Kila mkubwa aliyekuwapo alikuwa akitazama juu.

*

Waliotumwa kumtoa ni Sajenti mmoja na askari wawili. Sajenti alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

"Bibi, uko wapi hapa?"

"Chini."

"Chini ya jengo?"

"Kwani unaniona juu?"

Sajenti alitoa maelekezo mfukoni akayasoma, midomo ikicheza. "Jengo hili halina chini, bibi. Imo kwenye sheria. Ukisema kwamba lina chini, ni uchochezi."

"Basi sisemi."

"Sasa nikuandike uko wapi?"

"Andika sipo, mwanangu. Utaniumizia kichwa."

Sajenti alifikiri, akaona ni sawa, akaandika kwamba mhusika hayupo, akapiga saluti kwenye nguzo, akaondoka.

Tulicheka wiki nzima katika machimbo yetu ya kokoto. Tulisema, mmemwona yule mama, amewaweza! Hatukujua bado kwamba katika nchi yetu kuandikwa hupo ni jambo linalofanyiwa kazi. Bombani walimwambia maji ni ya wakazi. Zahanati walimwuliza anaishi wapi, akasema, nao wakamwita anayefuata kwenye foleni. Gerezani, alikokuwa akipeleka chakula kila Jumamosi, askari wa getini alimrudishia bakuli lake.

"Mfungwa huyu hana mama," alisema. "Imekuja kutoka juu."

"Mimi ndiye mama yake."

"Wewe umeandikwa hupo, mama. Usinitafutie matatizo na mtu ambaye hayupo."

Alirudi na wali wake ukiwa umepoa. Aliula kidogo, na kilichobaki akakimimina kando ya kisiki, penye kitovu cha huyo mwana wa pili.

*

Kisha jengo likaanza kutoa milio. Si mikubwa. Ilikuwa kama ya mtu mnene anayejiweka vizuri kitini. Bi Sikudhani, ambaye alizoea kutundika khanga zake kwenye kamba iliyofungwa nguzo hadi nguzo, aliona kwamba sasa akinyoosha mkono anagusa dari.

Gwandumi alikuja akiwa ameshika viatu mkononi, asisikike.

"Bibi, toka. Jengo linashuka."

"Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye niliyelichora."

"Karibu. Keti. Angalia kichwa."

Akaketi. Udongo wa kuzunguka nguzo ulikuwa umevimba kama ufizi.

"Nilimwambia Waziri," alisema. "Nilimwambia litazama."

"Ukamwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwa sauti gani?"

Gwandumi aliangalia viatu vyake. "Ya adabu."

"Hata mimi nilipisha kwa adabu," alisema Bi Sikudhani, akivuta uzi. "Tazama tulipofika, wewe na mimi."

Sijui kama ni maneno hayo au ni ile dari. Ninachojua ni kwamba Gwandumi alitoka pale akiwa amevaa viatu, akapanda hadi Usiulize, akapita katikati ya wageni waliokuwa wakila kamba wa kukaanga, akapiga kelele: "Mheshimiwa, linazama!"

"Linatazama," Waziri aliwafafanulia wageni. "Ana ugonjwa wa kumeza silabi."

"Linadidimia! Linaingia ardhini!"

Hilo halikuwa na silabi ya kuongeza. Wageni waliacha kutafuna. Asubuhi yake Gwandumi aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ya mbali ambayo watu wake huishi kwenye mahema, akasindikizwa uwanja wa ndege na kikosi kilichomshika mikono yote miwili kwa heshima. Wizara ikatoa taarifa: jengo halishuki, linainama kwa unyenyekevu kuwatazama wananchi.

*

Hata hivyo ghorofa ya Juu ilikuwa inakaribia udongo, na jambo hilo lilileta mjadala mrefu. Mwishowe ikapitishwa kanuni kwamba sakafu yoyote inayoguswa kwa mkono na mtu wa chini inakuwa ya chini. Na kwa kuwa chini haipo, wanaoishi kwenye sakafu hiyo nao hawapo. Kanuni iliandikwa na Dokta Kihwelo, kwa lugha nzuri sana. Ni baada ya kuipigia mhuri ndipo alipokumbuka kwamba yeye anaishi Juu.

Bi Sikudhani alisikia mtu akitambaa.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Dokta Kihwelo."

"Dokta yupi?"

"Katibu Mkuu." Alisita. "Asiyekuwepo."

"Ooo. Karibu, sote hapa hatupo. Ingia kwa tumbo, kichwa hakitoshi."

Katibu Mkuu aliingia kwa tumbo, suti yake ikisaga udongo. Alisema dereva wake hamjibu salamu. Alisema mkewe amehamia Juu Zaidi na kufunga mlango. Alisimulia kisa cha Gwandumi na silabi alizodaiwa kumeza. Aliomba chai. Bi Sikudhani akampa ya rangi, isiyo na sukari, akaendelea kushona akiwa amelala ubavu, kwa kuwa kukaa kulikuwa kumeshashindikana.

"Mama, kwa nini huondoki?" aliuliza Dokta Kihwelo, baada ya kumaliza chai.

"Nimeshaondoka mara moja. Nikarudi nikakuta mti haupo, maji hayapo, na mimi sipo. Nikiondoka tena watoto watabaki na nani?"

"Watoto wapi?"

Akamwonyesha. Katibu Mkuu alitazama udongo, na tunaambiwa kwamba alivuta kiwiko chake pembeni, asivilalie vitovu.

*

Siku moja adhuhuri tukasikia kikohozi. Wakati huu kilitoka juu.

Tulikimbia kutoka machimboni, sisi wote wa Mtaa wa Sufi wa zamani, tukasimama kwenye kibaraza cha duka la misumari. Usiulize ilikuwa imeshuka kiasi kwamba tuliweza kumwona Waziri usoni, roshanini, ameshika kipaza sauti. Nyuma yake walikuwa wageni wa nje ya nchi waliokuja kununua vyumba, nao walikuwa wameuliza mlio unaotoka chini ni wa nini. Kati ya udongo na dari hapakuwa na nafasi ya kupitisha gunia lililojaa. Tuliona miguu ya Bi Sikudhani, na mkono wake mmoja umeshika mzizi wa kisiki.

"Bi Sikudhani!" Sauti iligonga maduka ikarudi. "Serikali yako sikivu haikuhamishi! Inakuomba utupishe kidogo tu, jengo lipite!"

Tulielewa, hata sisi. Lilikuwa limeshapita kwenda juu. Sasa lilitaka kupita kwenda chini.

Dokta Kihwelo alitoka akitambaa, mweupe kwa sufi kuanzia nywele hadi viatu. Akatuambia tumvute mama, haraka. Tulitazamana. Askari wa miti walikuwa wametuelekezea bunduki, wakitusihi tusikanyage bustani. Nasema kweli, hakuna aliyevuka. Tulikuwa tumefunzwa vizuri mno. Tulijibana ukutani.

Nguzo moja ikalia. Vumbi likatoka.

Bi Sikudhani akauliza, na barabara nzima ilikuwa kimya kiasi kwamba hakuhitaji kipaza sauti.

"Kidogo ndiyo kiasi gani, mwanangu?"

"Kidogo cha kawaida, mama!"

"Na likishapita, nitarudi?"

Mheshimiwa Fumbuka aligeuka kumtafuta Katibu Mkuu wake wa kumjibia. Hakuwepo. Akaangalia wageni, akaangalia kipaza sauti, akakohoa.

"Basi nisikilize vizuri," alisema Bi Sikudhani. Mkono wake uliachia mzizi, ukalala bapa juu ya udongo, vidole vimetanuka. "Mimi simezi silabi. Nakuahidi, Fumbuka, mbele ya hawa waliojibana ukutani na mbele ya wanangu hawa watatu: safari hii sikupishi."